Mbuzi au asumini: uanze na kitabu kipi cha Benyamin?

Wiki mbili kabla ya safari yake ya kwenda kufanya kazi Maskati, Oman, binamu yangu alipita nyumbani jioni kuomba kitabu. Wakala alishamwambia begi lisizidi kilo zake, na nafasi iliyobaki, kwa hesabu yake, ilitosha kitabu kimoja. "Kaka, nipe kimoja tu, lakini kiwe kizuri. Nasikia huko Ijumaa ndiyo siku ya kupumua, tena si kila nyumba."

Nikamwekea viwili juu ya meza, kando ya sahani ya mihogo. Vyote viwili ni vya mtu mmoja, Benyamin wa Kerala, kusini-magharibi mwa India. Vyote vinahusu watu waliokwenda Ghuba kutafuta riziki, na vyote viwili ninavyo kwa Kiingereza. Kimoja ni Goat Days, ambacho kwa Kimalayalam kinaitwa Aadujeevitham, maana yake maisha ya mbuzi. Cha pili ni Jasmine Days, na jina lake la asili ni refu zaidi: Mullappoo Niramulla Pakalukal, mchana wenye rangi ya ua la mulla. Mulla ndiyo asumini yetu hii hii, ya kutia kwenye kikuba.

Alichukua muda kuchagua kuliko nilivyotazamia, na maswali aliyoniuliza jioni ile ndiyo yamenifanya niandike. Watu wengi wakilisikia jina la Benyamin wanapewa kile cha mbuzi bila kuulizwa wao ni nani na wanataka nini.

Kwanza mwandishi, kwa ufupi. Jina lake la nyumbani ni Benny Daniel. Alizaliwa 1971 Kulanada, karibu na mji wa Pandalam, katika familia ya Kikristo. Mwaka 1992 alikwenda Bahrain kikazi, akakaa huko mpaka 2013. Miaka ishirini na moja si ya mtu aliyepita njia. Kerala wana neno lao la mtu wa namna hiyo, pravasi, aliye ugenini. Tangu mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970, ni shida kuupata ukoo usio na pravasi wake Dubai, Doha au Riyadh. Nyumba za ghorofa katikati ya minazi, zilizopakwa rangi za pipi, ni hela za Ghuba. Aliyewahi kutembea Wete, Pemba, akaona nyumba iliyojengwa kwa hela za ndugu aliyeko Oman hahitaji kufafanuliwa.

Benyamin hakuondoka kwao akiwa mwandishi. Uandishi ulimkuta Bahrain, baada ya miaka ya kusoma kila alichokipata ili jioni zipite. Mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi fupi ulitoka 2000. Aadujeevitham kilitoka 2008, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Kerala Sahitya Akademi, chuo cha fasihi cha jimbo lao, na tangu hapo jina lake likawa la kila nyumba. Hajapata kuwa mwandishi wa kazi moja, ingawa nje ya Kerala wengi wanamjua kwa hiyo moja.

Mlango wa kuingilia

Tazama vitabu hivi vinavyoanza. Goat Days kinaanza na watu wawili, Najeeb na Hameed, wanaozunguka mbele ya kituo cha polisi cha Batha, Riyadh, wakiomba kukamatwa. Ndiyo, kuomba. Wanapita mbele ya askari, wanarudi, wanapita tena, na hakuna anayewajali. Mtu amefikia wapi hata gerezani kunamwonekea ni nafuu? Swali hilo linakushika shati ukurasa wa kwanza na halikuachi. Najeeb akiingia gereza la Sumesi anaanza kunenepa, anaoga, anapata wenzake wa kuzungumza nao kwa Kimalayalam, na wewe msomaji unashangaa: huyu mbona ana furaha?

Kisha hadithi inarudi nyuma. Najeeb alikuwa mzamia mchanga mtoni huko kwao. Anapiga mbizi na ndoo, anaibuka na mchanga, wanapakia mtumbwini, wanauza kwa wajenzi. Ameoa karibuni, mkewe Sainu ana mimba. Rafiki anamwambia kuna viza inauzwa. Wanakopa, wanaweka rehani, anaondoka kupitia Bombay na kijana mmoja mdogo, Hakeem. Ndoto zake ni zile zile za kila mtu: friji, televisheni, saa ya dhahabu. Wanafika uwanja wa ndege wa Riyadh, hakuna aliyewapokea. Saa zinapita. Anatokea Mwarabu mwenye pikapu chakavu, anawaangalia, anawapakia. Wao wanafurahi kwamba tajiri wao amefika.

Mwandishi anayeweza kulitumia neno moja, mchanga, kwa maisha mawili ya mtu mmoja bila kukukonyeza, huyo namheshimu. Mtu aliyeishi kwa kuchota mchanga chini ya maji anapelekwa kwenye mchanga usio na tone la maji. Siku ya kwanza kwenye zizi la mbuzi la yule Mwarabu, akijaribu kujisafisha baada ya kwenda haja, anapigwa kwa sababu maji ni ya mbuzi.

Jasmine Days hakikushiki shati. Kinakukaribisha sebuleni. Sameera Parvin, msichana wa Kipakistani, anahamia katika mji wa Kiarabu usiotajwa jina kuishi na baba yake. Wanaishi katika nyumba kubwa ya ukoo, chini ya baba mkubwa wake, ambaye kwa Kiurdu ni Taya, neno ambalo sisi tunalo sawasawa na Kiingereza hawana. Mashangazi, mabinamu, watoto, kelele za jikoni, nani kakasirika na nani. Sameera anapata kazi ya utangazaji katika redio iitwayo Orange, kipindi cha Kihindi na Kiurdu, na ofisini kuna Wamalayali ambao yeye na wenzake wanawatania kuwa ni kundi la mafia. Kurasa nyingi hapo mwanzo ni hizo. Nikisema ukweli, robo ya kwanza ilinichosha. Majina ya ndugu yalinichanganya mpaka nikachora mti wa ukoo nyuma ya risiti ya umeme.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kusoma daladala, kurasa tano leo, sita kesho, anza na mbuzi. Asumini inataka uketi nayo.

Anayesema na asiyeweza kusema

Hapa ndipo vitabu hivi vinapoachana hasa, na ndipo ninapodhani wengi wanaovisifu pamoja wanapapita haraka.

Najeeb hana lugha. Hajui Kiarabu, tajiri wake hajui Kimalayalam, na jangwani hakuna wa tatu. Kwa miaka zaidi ya mitatu anaishi na mbuzi, ngamia, mkate mkavu aliochovya majini, na maziwa mabichi. Neno analojifunza mapema ni arbab, ndivyo wafanyakazi wanavyomwita tajiri. Msomaji wa Kiswahili neno hilo litamgonga mahali ambapo msomaji wa Kiingereza halimgongi, kwa sababu arbab kwa Kiarabu ni wingi wa rabb, na sisi tunasema Yaa Rabi kila tunapochoka. Mtu anaomba msaada kwa Rabi wake huku akimwita bwana wa zizi kwa neno la mzizi ule ule. Benyamin hatoi mhadhara juu ya hilo. Linakaa tu pale, ukiliona umeliona.

Akikosa wa kusema naye, Najeeb anawapa mbuzi majina ya watu wa kijijini kwao. Mbuzi huyu anatembea kama yule mama, yule ana tabia za jirani fulani. Mwanzoni unacheka. Halafu anazaliwa mwanambuzi wa kiume, na Najeeb anampa jina Nabeel, jina aliloliwekea akiba mtoto wake ambaye hajapata kumwona. Hapo hucheki tena, kwa maana unajua wenye mifugo huwafanya nini madume wasiowataka kwa mbegu.

Kuna sehemu moja ndogo naomba niisogeze karibu. Najeeb aliondoka nyumbani na chupa ya achari ya maembe. Neno ni lile lile kwao na kwetu, achari. Siku za mwanzo, mkate ukiwa hauteremki, anafungua kile kifuniko. Harufu inamrudisha jikoni kwao, kwa mama na mkewe, yote kwa mara moja. Sijui ni mabegi mangapi yaliyopita Kilindini, Unguja na Dar es Salaam yakiwa na chupa kama hiyo iliyofungwa kwa plastiki mara tatu isivuje. Binamu yangu alikuwa nayo ya ndimu.

Na anamwandikia mkewe barua. Hana kalamu wala karatasi wala posta, anaziandika kichwani. Katika barua hizo yuko salama, kazi ni nzuri, chakula ni tele, maziwa anakunywa apendavyo. Hakuna hata moja inayotumwa, na bado anadanganya! Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda nje. Kila mwenye ndugu Ghuba anaijua sauti hiyo ya WhatsApp: nimekula, nimeshiba, msiwe na wasiwasi.

Sameera ni kinyume chake. Lugha anazo, kipaza sauti anacho, mshahara wake ni wa kusema. Tatizo lake ni kwamba mji anaousemea unaanza kuwaka. Wananchi wa Kishia, wenyeji wa nchi hiyo lakini raia wa daraja la pili, wanaingia barabarani kudai haki. Rafiki yake Ali ni mmoja wao. Na baba yake Sameera yumo katika polisi ya mfalme anayewazima. Nyumba nzima ya baba mkubwa inakula mkono wa mfalme huyo, inampenda kwa dhati, na ina sababu: aliwapa kazi walipokosa kwao.

Benyamin hakuutaja mji, ila yeye mwenyewe alikuwa Bahrain Februari 2011 watu walipokusanyika kwenye mzunguko wa Lulu, Manama. Mwezi uliofuata majeshi ya nchi jirani yaliingia, na tarehe 18 Machi mnara wenyewe ukabomolewa. Kuajiri Wapakistani katika polisi wa Bahrain si hadithi ya kubuni, lilikuwa moja ya malalamiko ya waandamanaji. Na neno asumini kwenye jina la kitabu linabeba upepo wa Tunisia, ambako mapinduzi ya 2011 yaliitwa kwa ua hilo.

Sasa angalia tofauti inavyomfanya msomaji. Ukiwa na Najeeb, wewe ni mwema. Mwonevu yuko pale, ana bunduki na mkanda, aliyeonewa yuko hapa, na machozi yako hayana mgogoro. Ukiwa na Sameera huna pa kusimama. Mgeni mnyonge uliyemhurumia katika kitabu cha kwanza, katika cha pili ndiye anayeshika rungu, au ndiye anayekula wali ulionunuliwa na rungu hilo. Kati ya mwenyeji aliyenyimwa na mgeni aliyenyanyuliwa, nani mwenye haki? Msichana wa miaka ishirini na kitu anatakiwa ajibu, na jibu litamgharimu mtu anayempenda.

Mimi nasema bila kuzunguka: Goat Days ni kitabu kilichosukwa vizuri zaidi, Jasmine Days ni kitabu kigumu zaidi kuishi nacho. Cha kwanza kilinitoa machozi. Cha pili kilinifanya nimpigie simu mjomba aliyefanya kazi ya ulinzi Ghuba miaka ya nyuma, nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza. Akabadilisha mazungumzo.

Imani, na yule Msomali

Mwandishi ni Mkristo, Najeeb ni Mwislamu, na imani ya Najeeb imeandikwa kwa adabu ambayo wengine wa dini yake mwenyewe hawaifikii. Kitabu kimegawanywa sehemu nne, gereza, jangwa, kutoroka na hifadhi, na mwendo wake ni wa visa vya Mitume: mtu anatolewa kwao, anatupwa, anajaribiwa, anaongozwa. Wapo wahakiki wanaolalamika kwamba Mungu amepewa nafasi kubwa mno, kwamba mateso ya mfumo wa kazi yamegeuzwa mtihani wa mbinguni. Nadhani wana hoja nusu. Mtu aliye peke yake jangwani hazungumzi na mfumo.

Anayewaongoza kutoroka, siku matajiri wamekwenda harusini, ni Msomali, Ibrahim Khadiri. Huyu ndiye Mwafrika wa kitabu, na kwa sisi wa huku anastahili maneno mawili. Ni shujaa, ni mpole, anaijua nyota na upepo, anawashika mkono vijana wawili wasiojua jangwa. Lakini ni mwongozo mtupu. Hana mke anayemkumbuka, hana deni la viza, hana chupa ya achari. Anaingia kama malaika na, bila kukuharibia utamu, anatoka kama malaika. Ningependa kujua mama yake Mogadishu au Kismayu alikuwa akimwita nani. Benyamin aliyempa kila mbuzi jina na tabia angeweza kumpa Ibrahim walau kikohozi.

Katika Jasmine Days upungufu huo haupo kwa kiasi hicho. Watu wa kila taifa wanatajana kwa makosa na utani wao, kila kundi lina kiburi chake na hofu yake. Ni kitabu cha mtu aliyekaa Ghuba miaka mingi akisikiliza mezani kwa wengine.

Wanawake nao. Sainu katika kitabu cha mbuzi ni kumbukumbu, ni sauti ya kutamaniwa, na huenda haikuwezekana vingine maana tumo ndani ya kichwa cha Najeeb. Sameera ni mtu mzima wa kitabu, mwenye mdomo, makosa na uchangamfu unaoudhi wakati mwingine. Ukitaka kusoma Ghuba ya mwanamke, hakuna la kujadili, chukua asumini. Kazi ya ndani, hata hivyo, haiko katikati ya chochote kati ya viwili hivi, na kwa wasomaji wa Kenya, Uganda na Tanzania hilo ni pengo, kwa kuwa dada zetu wengi wanaokwenda huko wanakwenda jikoni kwa watu.

Niseme jambo la kafala hapa, kwa sababu watu hukisoma kitabu cha mbuzi wakidhani ni habari za zamani. Kafala ni utaratibu ambao kibali chako cha kuishi na kufanya kazi kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Ukimkimbia, wewe ndiye mhalifu. Ndiyo sababu gerezani Sumesi, ndani ya riwaya, kuna siku ya kupangwa mstari, matajiri wanapita kutafuta waliowatoroka, na mtu anayetambuliwa anaweza kurudishwa alikotoka. Ukurasa ambao tajiri wa Najeeb anapita mbele yake sitausimulia. Saudi Arabia ililegeza masharti tarehe 14 Machi 2021, wafanyakazi wengi wakaruhusiwa kuhama mwajiri, lakini walioachwa nje ya mabadiliko hayo ni pamoja na wafanyakazi wa majumbani na wachunga mifugo. Yaani hasa Najeeb, na hasa dada zetu wa jikoni.

Tafsiri, tuzo, na ile filamu

Goat Days kilifasiriwa na Joseph Koyippally, kikatoka kwa wachapishaji Penguin 2012. Kiingereza chake ni kikavu, sentensi fupi, maneno ya Kiarabu na Kimalayalam yameachwa yalivyo. Wapo wanaosema kinakwaruza. Mimi nadhani mkwaruzo unaifaa hadithi ya mtu aliyekaa bila kuoga. Kilifika orodha ndefu ya tuzo ya Man Asian, ya riwaya za Asia. Jasmine Days kilifasiriwa na Shahnaz Habib, na huyu Kiingereza chake kinateleza: vichekesho vinafika, watoto wanasema kitoto. Mwaka 2018 kilikuwa kitabu cha kwanza kabisa kushinda tuzo ya JCB, ya fasihi ya India, yenye rupia 2,500,000. Ikiwa Kiingereza kinakusumbua, ajabu ni kwamba kile kigumu kwa moyo, cha mbuzi, ndicho chepesi kwa lugha.

Filamu je? Mwongozaji Blessy alikaa na mradi huo zaidi ya miaka kumi. Ilitoka Machi 2024, karibu saa tatu, Prithviraj Sukumaran akiwa Najeeb, muziki wa A. R. Rahman. Sehemu kubwa ilipigwa Wadi Rum, Jordan, na mwaka 2020 korona iliwafungia huko huko jangwani wakiwa kazini, hawawezi kurudi kwao. Mwigizaji alipungua mwili mpaka mbavu zinahesabika. Tajiri anaigizwa na Mwomani, Talib Al Balushi, na Ibrahim Khadiri anaigizwa na Jimmy Jean-Louis kutoka Haiti. Ni kazi kubwa kwa macho. Ila filamu haiwezi kufanya kile kinachofanywa na kitabu, ucheshi. Najeeb wa kitabu ni mtu wa mzaha, anajicheka hata anapokaribia kufa, na ucheshi huo ndio unaokuwezesha kuendelea. Kwenye skrini unabaki na upepo, ndevu na vilio. Pia filamu imeweka kando mengi ya gerezani, kwa hiyo ule mlango wa ajabu, mtu anayeomba kukamatwa, umepotea. Ikiwa utaangalia na kusoma vyote, soma kwanza. Na wazazi wajue: kitabuni kuna sura moja ya aibu kuhusu mtu mpweke na mnyama, ambayo filamu iliiruka. Si ya kumpa mtoto wa darasa la saba.

Swali jingine nililoulizwa: hadithi ya Najeeb ni ya kweli? Ilitoka kwa mtu halisi ambaye Benyamin alikutana naye Bahrain na kumsikiliza, na mwisho wa kitabu anaeleza. Kile cha asumini kinacheza mchezo wa kinyume. Benyamin anajifanya mfasiri tu, anadai kitabu ni cha Sameera mwenyewe. Mchezo huo unaendelea katika riwaya pacha yake, Al Arabian Novel Factory, inayomfuata mwandishi wa habari aitwaye Pratap aliyetumwa mji ule ule kukusanya habari kwa ajili ya kitabu cha mtu mwingine, akaangukia riwaya iliyopigwa marufuku. Usianze na hiyo. Bila Sameera haina mfupa.

Kuna kimoja zaidi nisichoweza kukiruka, kwa wale ambao habari za Ghuba zimewatosha. Yellow Lights of Death ni riwaya ya upelelezi. Kijana wa Diego Garcia anashuhudia mauaji, anaandika, anatawanya sura za maandishi yake kwa watu mbalimbali, na Benyamin mwenyewe, ndani ya hadithi, anahangaika kuzikusanya na marafiki zake. Diego Garcia ya riwaya ni ya kubuniwa, ina mji na familia za kale zenye majivuno. Ile ya kweli, katika visiwa vya Chagos, wenyeji wake walihamishwa wote kati ya 1968 na 1973 kupisha kambi ya kijeshi, wakatupwa Mauritius na Shelisheli. Mwandishi amekijaza watu kisiwa kilichoondolewa watu. Kwa mtu wa pwani ya bahari hii hii, hilo peke yake linatosha kukifungua, ingawa mwisho wake utakuudhi kama ulivyoniudhi mimi.

Basi nimpe nani nini

Msomaji ambaye hajawahi kugusa fasihi ya Kerala na anataka kujua kelele zote ni za nini, Goat Days. Mwalimu wa sekondari anayetafuta riwaya ya kulinganisha na zetu za uhamiaji, hicho hicho, kwa tahadhari niliyoitaja. Mtu aliyekwisha kurudi kutoka Ghuba na bado usiku anashtuka, nisingempa cha mbuzi. Ningempa cha upelelezi. Mtu wa siasa, mwanahabari, au yeyote anayeamini kwamba mnyonge siku zote ni mwema, Jasmine Days, na asiseme sikumwambia.

Anayeondoka je? Hapo nilikosea. Mimi nilimsukumia binamu yangu Goat Days. Nilidhani kitamfungua macho. Akasoma maelezo ya nyuma ya jalada, akageuza, akatazama picha ya mbele, akacheka.

"Kaka, mimi siendi kuchunga mbuzi."

Na alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kisa cha Najeeb ni cha kutisha kiasi kwamba kila anayeondoka anaweza kujiambia hakimhusu. Mimi nina mkataba, mimi nina namba ya wakala, mimi naenda nyumba yenye kiyoyozi. Kinachowapata wengi ni kidogo kidogo kuliko hicho: mshahara unafika, chakula kipo, na kuna mambo ndani ya nyumba ile unajifunza kutoyaona. Hayo yako kwa Sameera. Jioni ile sikuyasema hivi, niliyapata baadaye. Yeye alichagua asumini kwa sababu ya jalada na kwa sababu, alisema, marehemu bibi alikuwa akivaa kikuba. Akakitia katikati ya khanga mbili, juu ya ile chupa ya achari, akafunga zipu kwa kuikalia.

Juzi alinitumia ujumbe wa sauti, kwa chini chini, maji ya bomba yanasikika nyuma. Amefika ukurasa wa mia na kumi na kitu, mji umeanza kuwaka. Mama mwenye nyumba alimkuta nacho akamwuliza anasoma nini.

"Nimemwambia ni hadithi ya maua," akasema, halafu bomba likafungwa.